Tovuti ya Biashara Yako: Chagua Mfumo Ambao Funguo Zake Utazishika Mwenyewe



Katika ziara zetu za miradi huko Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, swali moja limekuwa likijirudia karibu katika kila kikao cha wajasiriamali. Mwenye nyumba ya wageni Mbamba Bay analiuliza. Viongozi wa chama cha wakulima wa kahawa milimani wanaliuliza. Akina mama wanaokausha na kufungasha dagaa kule Liuli na Lituhi nao wanauliza: "Tunataka tovuti ya biashara yetu. Tutumie mfumo gani?" Kila mmoja amekwisha kusikia jina fulani. Huyu ameambiwa na kijana wake kwamba WordPress ndiyo bora, yule ameona tangazo la Wix, na mwingine ameelezwa kuwa ukurasa wa Facebook unatosha.

Makala hii inalenga kujibu swali hilo kwa lugha nyepesi. Lakini kabla ya kulinganisha mifumo, naona ni vema nianze na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Kosa lililotugharimu

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ya miradi ilikisaidia kikundi kimoja cha ujasiriamali kupata tovuti. Fedha ilikuwepo katika bajeti, mwaka wa fedha ulikuwa unaelekea kwisha, na fundi alikuwa amepatikana mjini. Alitengeneza tovuti ya kupendeza, yenye picha kubwa za ziwa na za bidhaa. Siku ya uzinduzi tulipiga makofi, na katika ripoti tukaandika kwamba lengo limefikiwa. Mimi ndiye niliyesaini hati ya malipo.

Baada ya mwaka mmoja na miezi michache, mteja mmoja wa Dar es Salaam alimpigia simu mwenyekiti akiuliza kama kikundi bado kipo, maana anwani iliyoandikwa kwenye vifungashio haifunguki. Tulipofuatilia tulikuta kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la fundi, barua pepe ya usajili ni ya fundi, na ada ya mwaka ililipwa kwa kadi ya fundi. Naye alikuwa amehamia kazi nyingine na kubadili namba ya simu. Hakuna aliyeiba kitu. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja katika kikundi aliyekuwa na ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Vifungashio vilivyokwisha kuchapishwa vilibidi kubandikwa karatasi juu ya ile anwani, kimoja kimoja, kwa mkono. Fedha iliyovinunua haikuwa ya mfadhili. Ilikuwa michango ya wanachama.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni mfumo gani ulio mzuri, nami humuuliza kwanza: "Siku utakapotaka kuhama, utaondoka na nini?"

Vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya

Tovuti ina sehemu tatu, na kila moja yaweza kununuliwa mahali pake.

Ya kwanza ni jina, yaani anwani ambayo mteja anaiandika ili akufikie. Hili ni kama kiwanja chenye hati. Kwa biashara za Tanzania majina mengi huishia na .co.tz, na kwa mashirika yasiyo ya kibiashara huishia na .or.tz. Jina hununuliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa kusajili majina ya .tz, na hulipiwa ada kila mwaka. Usipolipa, baada ya muda jina huachiliwa na mtu mwingine anaweza kulichukua.

Ya pili ni mahali pa kuhifadhi, yaani nafasi katika kompyuta kubwa iitwayo seva, inayowashwa usiku na mchana ili tovuti yako ipatikane wakati wote. Nafasi hiyo pia hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Ya tatu ni mfumo wenyewe, yaani programu inayokuwezesha kupanga kurasa, kuweka picha na kubadili bei bila kuandika lugha za kompyuta.

Makampuni mengi huuza vyote vitatu katika kifurushi kimoja. Jambo hilo hurahisisha kuanza, lakini hapo ndipo mtu hufungwa bila kujua. Ushauri wetu ni huu: vyovyote utakavyochagua, jina lisajiliwe kwa jina la biashara au kikundi chako, na lilipiwe peke yake. Mwenye jina akihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, anwani iliyo kwenye vifungashio na mabango haibadiliki. Mteja hatajua hata kama umehama.

Aina nne za mifumo

1. Nyumba ya kupanga. Hapa ndipo ilipo mifumo kama Wix, iliyoanzishwa Israeli mwaka 2006, na Squarespace ya Marekani. Unafungua akaunti, unachagua kiolezo, unaweka maneno na picha, na kazi imekwisha. Huna haja ya kushughulika na seva wala usalama, kwa kuwa mwenye nyumba anashughulikia. Wix ina ngazi ya bure, lakini tovuti yako itabeba matangazo ya Wix na anwani yenye jina lao. Udhaifu mkubwa ni katika kuhama. Tovuti uliyoijenga ndani ya Wix haiwezi kuchukuliwa jinsi ilivyo ikaendeshwa kwenye seva ya kampuni nyingine. Utaondoka na maandishi na picha zako, kisha utajenga upya. Squarespace hukuruhusu kutoa sehemu ya maudhui, si yote.

2. Nyumba yako mwenyewe. WordPress ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, na leo zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani zinaitumia. Unakodi nafasi kwenye seva, hata kwa kampuni iliyoko hapa nchini, unaiweka WordPress, na kila kitu ni mali yako. Ukichoshwa na kampuni hiyo unabeba tovuti nzima na kuipeleka kwingine. Hata hivyo, nyumba yako ikivuja ni wewe utakayepanda juu ya paa. WordPress inahitaji kusasishwa mara kwa mara, kutunziwa nakala za akiba na kulindwa, kwani wahalifu wa mtandao hutumia programu zinazotafuta tovuti zilizoachwa bila kusasishwa. Aidha, usiichanganye na WordPress.com, ambayo ni huduma ya kupanga inayoendeshwa na kampuni ya Automattic. Hiyo ni njia ya kati: unaanza kama mpangaji, na baadaye unaweza kuyahamishia maudhui yako kwenye WordPress yako mwenyewe.

3. Duka. Shopify ya Kanada imetengenezwa kwa ajili ya kuuza bidhaa mtandaoni, ikiwa na kikapu cha mteja, hesabu ya akiba ya bidhaa na risiti. Ni mfumo mzuri kwa anayeuza bidhaa nyingi na kuzisafirisha kila siku. Lakini ada yake hulipwa kila mwezi uuze usiuze, na mfumo wake wenyewe wa kupokea malipo, Shopify Payments, haujaifikia Tanzania. Itakubidi uunganishe huduma nyingine ya malipo. Kwa kikundi kinachopokea oda 10 kwa mwezi kwa njia ya simu, huku ni kununua lori la kubebea debe moja.

4. Kibanda cha bure. Google Sites ni ya bure, ni nyepesi, na unaweza kuiunganisha na jina ulilolinunua mwenyewe. Haina duka wala mapambo mengi. Katika kundi hili tunaweka pia kurasa za Facebook na Instagram, pamoja na WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018 na ambayo ina katalogi ya kuonyesha bidhaa na bei. Hivi vyote ni vya msaada mkubwa, ila ikumbukwe kuwa kibanda kimesimama kwenye uwanja wa mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mwezi Machi 2024, Google ilizifunga tovuti ndogo za bure ambazo wafanyabiashara walikuwa wamezitengeneza kupitia wasifu wao wa biashara kwenye Google. Waliokuwa na jina lao wenyewe walilielekeza kwingine. Wasiokuwa nalo walianza upya.

Mambo ya mazingira yetu

Maelezo mengi kuhusu mifumo hii yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Yapo mambo manne ambayo sisi wa Ruvuma hatuna budi kuyapima.

Malipo. Wix, Squarespace na Shopify hulipwa kwa kadi, na kwa kawaida kwa dola. Kwa hiyo thamani ya shilingi ikishuka, ada yako imepanda. La hatari zaidi ni kwamba kadi hiyo mara nyingi huwa ya mtu mmoja. Akihama, au kadi ikaisha muda wake, tovuti inazimika kimya kimya. Kampuni nyingi za Tanzania zinazosajili majina na kukodisha seva hupokea malipo kwa simu, na mhazini anabaki na risiti ya kuwaonyesha wanachama.

Simu na bando. Wateja wetu wengi watafungua tovuti kwa simu, wakitumia bando walilonunua kwa fedha yao. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na ukubwa wa MB 4. Ukiweka picha 10 jinsi zilivyo, mteja anapakua MB 40 kabla hajaiona bei. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi KB 200 kila moja, zote kwa pamoja ni MB 2 tu. Kabla ya kukubali kazi ya fundi, usiitazame kwenye kompyuta yake. Ifungue kwa simu ya kawaida, ukiwa ufukweni mahali ambapo mtandao unasuasua. Isipofunguka hapo, haijakamilika.

Mtunzaji. Jiulize ni nani atakayebadili bei baada ya fundi kuondoka. Kama ni katibu wa kikundi, basi yeye ndiye ajaribu mfumo kabla haujanunuliwa. Mwambie abadili bei moja na kuongeza picha moja mbele yako. Akishindwa baada ya kuelekezwa mara mbili, mfumo huo haukufai, hata kama ni maarufu.

Majina na lugha. Wilaya ya Nyasa ilitengwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini wapo wageni ambao bado wanaitafuta Mbamba Bay wakidhani ipo wilaya ya Mbinga. Aidha, mgeni kutoka ng'ambo huenda analijua ziwa letu kwa jina la Ziwa Malawi, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwenye ramani nyingi za kwao. Katika ukurasa wa Kiingereza yaandike majina yote mawili, la sivyo hatakuona. Kwa hiyo chagua mfumo unaokuruhusu kuwa na kurasa za Kiswahili na za Kiingereza bila gharama kubwa.

Nani achague nini?

Nyumba ya wageni kando ya ziwa. Mgeni anataka kujua bei, picha halisi za vyumba, ramani, na namna ya kufika. Tangu barabara ya kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, safari imekuwa rahisi zaidi, na habari hiyo peke yake inastahili kuandikwa. Aliyeko Liuli anaweza kueleza pia kwamba Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen kutokana na mwamba wake, na kwamba Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Wageni hupenda historia. Kwa biashara hii, nyumba ya kupanga au WordPress inafaa, ikiwa na kitufe cha kumpeleka mgeni moja kwa moja kwenye WhatsApp. Tovuti za uwakala kama Booking.com huleta wageni, lakini huchukua kamisheni kwa kila anayelala. Mgeni anayerudi mara ya pili kupitia tovuti yako hakukatwi.

Angalizo: ukiweka fomu inayokusanya majina, namba za simu au za pasipoti, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu. Usiombe taarifa usiyoihitaji, na uliza taratibu za Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuanza.

Chama cha wakulima wa kahawa. Kahawa ya wanachama hupita kwenye AMCOS na mnada, hivyo tovuti ya chama haitakuwa duka. Kazi yake ni kumweleza mnunuzi ninyi ni nani: ni Arabika ya milima gani, inavunwa miezi gani, inaoshwa na kukaushwa vipi. Mwelezeni pia habari za ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo wamelimia kwa vizazi vingi kwenye miteremko hiyo hiyo, wakipata mahindi na maharage bila udongo kuchukuliwa na mvua. Maelezo ya namna hii hubadilika mara moja au mbili kwa mwaka. Google Sites yenye jina lenu wenyewe inatosha kabisa kuanzia. Mtakapohitaji kuweka ripoti na habari za kila msimu, hamieni WordPress mkiwa na mtu wa kuitunza.

Kikundi cha dagaa. Wateja wako Songea, Njombe na Dar es Salaam, na wote huagiza kwa simu. Hapa tunashauri kuanza na WhatsApp Business yenye katalogi, pamoja na kujisajili kwenye ramani ya Google. Kisha nunueni jina, na chini ya jina hilo wekeni ukurasa mmoja tu wenye picha ya bidhaa, uzito, bei, namba ya simu na mahali mnapopatikana. Kwenye vifungashio chapisheni jina lenu wenyewe, msichapishe anwani ya Facebook. Siku mtakapokua, ukurasa huo utakuwa tovuti kamili, na vifungashio havitabandikwa karatasi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunawasihi viongozi wa vikundi wakate ukurasa huu na kwenda nao kwa fundi.

1. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Omba uonyeshwe kwa maandishi.

2. Barua pepe ya usajili ni ya nani? Iwe ya kikundi, isiwe ya fundi wala ya katibu binafsi.

3. Namba ya simu inayopokea namba za uthibitisho ni ipi? Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Tumieni laini ya kikundi inayotumika kila siku.

4. Maneno ya siri yapo wapi? Yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha na kufungiwa mahali pamoja na katiba na vitabu vya benki. Watu wawili wajue yalipo.

5. Gharama ya miaka mitatu ni kiasi gani? Jumlisha ada ya jina, nafasi ya seva au ada ya mfumo, fundi, na bando. Wengi hulinganisha bei ya mwaka wa kwanza peke yake, ambayo mara nyingi ni ya punguzo.

6. Tukitaka kuhama, tunaondoka na nini? Fundi mwaminifu atajibu swali hili bila kukasirika.

Kwa upande wetu, ofisi imebadili utaratibu. Hatulipi tena malipo ya mwisho kwa fundi hadi mwenyekiti na mhazini wameingia wenyewe kwenye akaunti, wakabadili maneno ya siri mbele yetu, na kuonyesha risiti ya jina iliyo na jina la kikundi. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Tungeifanya ile mara ya kwanza, mteja yule wa Dar es Salaam asingelazimika kuuliza kama kikundi bado kipo.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, usikae mwaka mzima ukilinganisha mifumo huku msimu unapita. Anza na ulio mdogo, unaoweza kuulipia na kuutunza hata baada ya mradi kwisha. Lakini leo hii, kabla hujamwita fundi yeyote, kasajili jina lako.

Ikiwa kikundi chako tayari kina tovuti na huna hakika nani anashika funguo zake, usingoje hadi izimike. Njoo ofisini, tulifuatilie pamoja.